Upande Uliogusana na Ukuta

"Imefika?" niliuliza.

"Imefika, mwanangu! Imefika na mizigo yake yote!"

Shangazi Guizhen alijibu kwa sauti ile ile anayokaribishia maharusi ukumbini, na chumba kizima cha wagonjwa kikacheka. Mzee Xing, dereva mstaafu wa treni aliyekuwa amelala kifudifudi kwenye kitanda cha pili na sindano kiunoni, akasema kwamba laiti treni zake zingefika kwa wakati kama chi ya Daktari Mdogo, asingetukanwa na abiria maisha yake yote.

Daktari Mdogo ni mimi, Kou Yanqiu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa tiba ya sindano. Sikucheka. Vidole vyangu vilikuwa bado vimeshika mpini wa sindano, na havikuwa vimepokea mgeni yeyote. Ile sindano ilikuwa imesimama mkononi mwa shangazi, katikati ya kidole gumba na cha shahada, pale tunapochoma kutibu uso, kama kijiti kilichochomekwa kwenye tofu, ile jibini laini ya soya.

Nilikuwa nimefundishwa, na ninaamini, kwamba tabibu anayechoma bila kuipata chi anatoboa ngozi tu. Chi, ile nguvu ya uhai inayopita mwilini kwa njia zake, inapofika kwenye sindano hujitambulisha pande mbili. Mgonjwa huhisi uzito, au ganzi, au maumivu mazito yanayosambaa kama wino kwenye karatasi laini. Tabibu naye huhisi nyama ikiikamata sindano yake. Ndiyo maana tunauliza kila mara, kitanda kwa kitanda: imefika? Na ndiyo maana nilikuwa karibu kupata wazimu, kwa kuwa shangazi alijibu ndiyo tangu siku ya kwanza, na tangu siku ya kwanza uso wake haukusogea hata kidogo.

Ugonjwa ulimpata mwanzoni mwa majira ya machipuko. Alisinzia ndani ya basi, dirisha likiwa wazi, na alipoamka kesho yake nusu ya kushoto ya uso wake ilikuwa haimtii tena. Jicho halikufumba. Shavu lilining'inia. Mdomo ulivutwa wote kulia, kana kwamba kuna mtu upande ule aliyemnong'oneza jambo la aibu. Watu wa kwetu Luoyang wanasema upepo umeingia. Hospitali kubwa walimwambia kwamba neva imevimba, wakampa vidonge na kumwambia avumilie. Lakini shangazi yangu hajapata kuvumilia jambo lolote, sembuse hilo. Kazi yake ni kusherehesha harusi. Mdomo wake ndio shamba lake. Zaidi ya hayo, harusi iliyokuwa ikikaribia safari hii, siku ya kwanza ya mwezi wa tano, ilikuwa ya mwanawe wa pekee, Luping.

Kwetu, siku ya harusi, wageni huwakamata wazazi wa bwana harusi na kuwapaka masizi, uji wa unga, hata rangi ya viatu, na kadiri wanavyochekesha ndivyo nyumba inavyohesabiwa kuwa na heri. Shangazi alikuwa amesimamia mchezo huo kwa nyuso za wazazi wengi mno. Sasa zamu ilikuwa yake, watu wote wangemtazama usoni, na uso wenyewe ndio huo. Alikuwa ameacha kunywa supu ya ng'ombe mgahawani asubuhi, kwa sababu ilimtiririka kidevuni. Mtu wa Luoyang anayekunywa supu nyumbani kwake, peke yake, ni kama amefiwa.

Daktari Mu, msimamizi wangu, alijitolea kumtibu yeye mwenyewe. Shangazi akakataa.

"Mcheza kwao hutunzwa," alisema. "Nina daktari wangu wa damu, nikatafute daktari wa watu? Nimeshawaambia mtaa mzima kwamba mtoto wa kaka yangu ndiye atakayeninyoosha."

Basi mzigo ukawa wangu.

Niliubeba kwa bidii zote. Kila jioni bwenini nilijaza beseni maji, nikaelesha tufaha juu yake, nikalichoma sindano bila kulizamisha, kama tunavyofunzwa ili mkono uwe mwepesi na wenye nguvu kwa wakati mmoja. Nilijichoma mwenyewe mguuni, chini ya goti. Na hapo, juu ya mguu wangu, chi ilifika bila kubembelezwa: uzito ulishuka hadi kwenye kifundo, na sindano ikakamatwa kama mkono unaosalimiwa na mtu anayekujua. Kwa hiyo si kwamba sikujua ninachokitafuta. Nilikijua. Kilikuwa hakiji tu kwa mtu niliyemhitajia.

"Umeshampata mzimu wako?" Pei Zhuo aliniuliza kantini. Tulikuwa darasa moja, naye alikuwa na tabia ya kula chakula changu huku akipinga imani yangu.

"Si mzimu."

"Neva naweza kukuonyesha. Nakata, natoa, naiweka mezani. Chi yako iko wapi? Iweke mezani."

"Njaa yako iko wapi? Iweke mezani kwanza."

"Hiyo hapo, unaila wewe," akasema, akalivuta bakuli langu la tambi.

Nilimweleza, kwa mara nyingine, kwamba kwangu chi si moshi wala pepo. Ni jina walilolitoa watu waliokaa karne nyingi wakiugusa mwili hai na kuujua tofauti yake na mwili uliokata roho ingawa bado una joto. Ni jina la kule kujibu. Ukiugusa mwili, unajibu. Jibu hilo ndilo ninalolitafuta kwa sindano.

"Maneno mazuri," Pei Zhuo akasema, mdomo umejaa. "Lakini neva ya uso hupona polepole. Usipomgusa, pengine atapona. Ukimgusa, pengine hatapona. Akipona wewe ukiwa umeshika sindano, utajuaje kuwa ni wewe?"

"Nitajua vidoleni."

"Na vidole vyako vinasema nini sasa hivi?"

Nilivificha chini ya meza. Yeye akamaliza tambi, na kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuwa amesema uongo hata neno moja.

Nikaenda kwa Daktari Mu. Nilimkuta kwenye chumba chake kidogo kinachonuka moshi wa pakanga, majani tunayoyachoma karibu na ngozi ya wagonjwa, chai yake ikiwa imepoa ndani ya chupa ya jamu. Nikamweleza yote: mahali, kina, pembe, mzungusho wa sindano.

"Unapochoma, unaona nini?" akauliza.

"Sioni kitu. Uso wake umetulia tu."

"Basi chi haijafika."

"Lakini yeye anasema imefika!"

"Basi imefika."

"Daktari!"

"Nikwambie nini, Yanqiu? Vidole vilikuwa vyako, mkono ulikuwa wake. Mimi nilikuwa wapi hapo?" Akanywa chai yake baridi. "Unauliza sana. Wagonjwa wanajua kuongea. Kuongea ni kazi rahisi."

Nilitoka nikiwa na hasira kuliko nilivyoingia. Ni kawaida ya walimu wetu kukupa nusu ya jambo na kukuacha uhangaike na nusu nyingine, nao huita hilo malezi. Mimi nilikuwa na mgonjwa ambaye harusi ya mwanawe ilikuwa wiki ijayo. Sikuwa na muda wa kulelewa.

Kesho yake nilifanya jambo ambalo halikufundishwa darasani. Sindano zetu huja na mrija mwembamba wa plastiki. Unauweka juu ya ngozi, unagonga kichwa cha sindano kwa kidole, nayo huingia kabla mgonjwa hajashtuka. Nikauweka mrija mkononi mwa shangazi, mahali pale pale. Nikagonga. Ndani ya mrija hamkuwa na kitu. Sindano ilikuwa bado kwenye trei, ndani ya karatasi yake.

"Imefika?"

"Imefika!" Shangazi akatangaza. "We! Leo imepanda hadi kwenye sikio! Mzee Xing, unasikia?"

"Nasikia," akajibu Mzee Xing kutoka kwenye mto wake. "Imepita kituo cha kwangu bila kusimama."

Nilisubiri kicheko kiishe. Kisha nikainama, nikamwonyesha shangazi mrija mtupu, na kumwelekeza kwa macho ilipo sindano. Nilisema kwa kunong'ona, maana aibu ya ukoo haisomwi kwa kipaza sauti.

"Shangazi, sijakuchoma."

Akautazama mrija. Akaitazama trei. Nilidhani angecheka. Badala yake akajiinua, akakaa kitandani, akaugeuza uso wake wote kunielekea.

"Umenitega," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi? Niliyekubeba mgongoni kwenye theluji hadi shule ya chekechea? Umenitega kama panya?"

"Umenidanganya siku zote hizi! Nimekuwa nikichimba kisima pasipo na maji kwa sababu mwenye shamba ananiambia anasikia mafuriko! Kwa nini?"

"Ulitaka niseme nini? Nipige kelele 'haijafika' mbele ya watu hawa? Nani angekupa tena mguu wake umchome? Nilikuwa nakutengenezea jina."

"Jina nitalifanyia nini kama mdomo wako..."

"Halafu," akanikatiza, na hapa akageuka kidogo, "ukisikia imefika, unaacha kuzungusha."

"Nini?"

"Ile sindano. Unaizungusha, unaizungusha, kama unatafuta stesheni ya redio. Nikisema imefika, unaacha." Akaivuta shuka magotini. "Naogopa sindano, Yanqiu. Tangu utotoni. Baba yako anajua. Muulize alivyonifukuza mtaa mzima siku ya chanjo."

Nilitaka kujibu jambo kali, na lilikuwa tayari ulimini. Sikulisema, kwa sababu nilikuwa nimeanza kumtazama.

Nusu ya kulia ya uso wa shangazi yangu ilikuwa imewaka. Nyusi ilikuwa imepanda, tundu la pua limetanuka, mikunjo ya jicho imesimama kama miiba. Nusu ya kushoto ilikuwa imetulia kabisa, laini, yenye huruma, kama sanamu ya hekaluni. Hasira yote ilikuwa upande mmoja. Na ule upande mmoja, tangu siku ya kwanza, ulikuwa umegusana na ukuta.

Vitanda vya kliniki yetu husukumwa ukutani ili trei ya sindano ipite. Kiti cha tabibu hukaa upande wa nje. Kwa mgonjwa wa bega au wa goti haina neno. Unamtazama usoni, akikunja nyusi unajua. Mimi nilikaa upande wa kushoto wa shangazi kwa kuwa sindano za uso zilikuwa za kushoto, nikamchoma mkono wa kushoto, nikatazama shavu la kushoto, na kila siku nilikuwa nikiusoma uso usioweza kuandika kitu. Wala si kwamba mwili wake ulikuwa kimya. Huenda ulikuwa ukijibu kila siku, huko ukutani, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya pazia nikiuliza maswali.

"Shuka," nikamwambia.

"Unanifukuza?"

"Shuka kitandani, shangazi. Mara moja."

Akashuka. Nikashika chuma cha kitanda, nikakivuta kutoka ukutani kwa nguvu zangu zote. Miguu yake ikalia juu ya sakafu kiasi cha kumfanya Mzee Xing aulize kama ni tetemeko la ardhi au treni imetoka njiani. Nikapenya na kiti changu kwenye ile nafasi nyembamba, mgongo ukiwa umeegemea chokaa, nikamwambia alale tena.

"Sasa sikiliza. Sitakuuliza kitu. Na wewe usiseme kitu. Hata neno."

"Hata..."

"Hata neno."

"Huyu mtoto anataka kuniua," akaliambia dari, kisha akafunga mdomo. Nadhani hiyo ndiyo adhabu kubwa kuliko zote alizowahi kupewa.

Nikanyoosha mkono juu ya tumbo lake hadi kwenye mkono wake wa kushoto. Nilichoma bila mrija. Mwanzoni, tofu. Nikaigeuza sindano taratibu, bila kuitazama. Macho yangu yalikuwa kwenye nyusi ya kulia. Ilitulia. Nikarudisha sindano kidogo, nikainamisha pembe kuelekea kifundo cha mkono, nikasukuma tena. Tofu tena. Jasho likanitoka mgongoni hadi kwenye chokaa. Nikaanza kufikiri kwamba Pei Zhuo alisema kweli, kwamba nimepoteza miaka yangu ya ujana kwa kuelesha matufaha, na kwamba shangazi angekuwa salama zaidi na vidonge vyake na uvumilivu asiokuwa nao.

Hapo nyusi ikaruka.

Iliruka kabla ya vidole vyangu kupata habari. Kisha vidole navyo vikapata: nyama ikakaza, taratibu, bila ubishi, ikaishika sindano na kutoiachia. Vidole vya miguu ya shangazi vikajikunja ndani ya soksi. Jicho lake la kulia likajaa machozi, likanigeukia na kunitukana matusi ambayo mdomo haungethubutu kuyatamka mbele ya wagonjwa. Nikaacha kuzungusha. Nikakaa vile vile, mkono wangu ukiwa umeshikwa.

"Vipi huko?" Mzee Xing akauliza. "Mbona leo hakuna tangazo?"



Kama ningekuwa natunga hadithi ya kujisifu, ningeishia hapo, au ningesema kwamba mdomo ulianza kurudi jioni ile ile. Haukurudi. Siku zote zilizobaki nilikivuta kile kitanda, nikakaa ukutani, nikasubiri nyusi, na chi ilifika. Mdomo haukufika. Usiku wa kuamkia harusi shangazi alijitazama kwenye kioo cha bafuni kwake, akalivuta shavu juu kwa kidole, akaliachia, likaanguka. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimembebea kanzu yake nyekundu ya hariri.  Niliipanga ile kanzu kitandani kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba mikunjo ya hariri ndiyo iliyokuwa tatizo letu.

Walikuwa wamemkodi msherehesha mwingine, kijana mwenye suti ya kumeta. Shangazi alimvumilia kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, kisha akapanda jukwaani na kumpokonya kipaza sauti.

"Wageni wetu wapenzi," akasema, "jicho hili likiwakodolea msidhani nawadai, halijui kufumba. Na mdomo huu umekwenda kulia kwa sababu wakwe zetu wamekaa kulia, nao ndio wenye msichana mzuri!"

Ukumbi ukalipuka. Kutoka meza ya majirani mtu mmoja, bila shaka kwa nia njema, akapaza sauti: "Na Daktari Mdogo je? Hajakunyoosha bado?"

Pei Zhuo, niliyemwalika kwa kuwa anapenda kula, aliinamia bakuli lake. Mimi nilitazama kitambaa cha meza. Niliyajua maneno ambayo shangazi angeyasema. Angesema imefika, imefika na mizigo yake, na ukumbi ungepiga makofi, na jina langu lingetengenezwa.

"Bado," shangazi akasema.

Basi. Bado. Akalisema neno hilo kama mtu anavyosema supu bado iko jikoni. Kisha akaita masizi yaletwe.

Walimkamata yeye na mumewe. Mumewe walimpaka rangi ya viatu hadi masikioni. Shangazi walimpaka masizi kwenye paji la uso na uji wa unga kwenye mashavu, naye aliwafukuza kuzunguka meza, kanzu nyekundu ameikunja mkononi, akipiga kelele kwamba atawakumbuka wote siku za harusi zao. Uji ulikauka haraka kwa joto la ukumbi. Alipomwona mumewe akijitazama kwenye sufuria, alicheka hadi akajishika mbavu, na hapo kwenye shavu lake la kushoto, karibu na pembe ya mdomo, ule unga uliokauka ukapasuka mstari mmoja mwembamba.

Nilimshika Pei Zhuo mkono.

"Umeona?"

Alitazama kwa muda. "Upande wa kulia umeivuta ngozi," akasema, lakini kwa upole. "Au la. Kutoka hapa siwezi kujua."

Nami sikuweza kujua. Ule mstari ungeweza kuwa neva iliyoamka kwa wakati wake, au vidonge, au sindano zangu, au shavu zima likiliburuta shavu gonjwa kama linavyofanya siku zote. Ningeweza kumuuliza mwenyewe. Alikuwa karibu, alikuwa na furaha, na swali la zamani lilikuwa limeshanifika mdomoni: umehisi kitu, shangazi?

Nikalimeza. Nikachukua bakuli langu, nikaizunguka meza, nikamwomba binamu mmoja asogee, nikakaa upande wa kushoto wa shangazi yangu, macho kwenye ule unga, nikingoja acheke tena.